Kupanda Kunachosha, Kushuka Kunaumiza

"Daktari, kupanda napanda vizuri tu. Kushuka ndiko kunakonitesa."

Kauli hii naisikia mara kwa mara kazini kwangu hapa Mbeya. Huisema mama wa Kinyakyusa aliyetoka vilima vya Rungwe, huisema mzee wa Kisafwa anayeishi kwenye miteremko ya Loleza, huisema Mkinga mfanyabiashara wa Mwanjelwa ambaye kila msimu anarudi Makete kulima viazi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila wagonjwa wameshanipa cheo hicho na sibishani nao. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Tanga akiisikia kauli hiyo hudhani mgonjwa kachanganya maneno. Kwa mtu aliyekulia tambarare, mlima ni kupanda. Kushuka ni kupumzika.

Mgonjwa hajachanganya kitu. Amesema kwa maneno machache jambo linalowachukua wanafunzi wetu muda mrefu kulielewa. Na kwa kuwa nyanda za juu ni nchi ya kupanda na kushuka tangu mtoto anapojifunza kutembea hadi uzeeni, naona kila mtu wa huku anastahili kujua nini hasa kinatokea ndani ya goti lake anapoteremka kwenda mtoni, shambani au stendi.

Tuanze na pumzi, maana ndiyo inayotudanganya. Ukipanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini kwa miguu, misuli ya mapaja na makalio inajikunja kuusukuma mwili juu. Kazi hiyo inakula oksijeni nyingi. Moyo unakwenda mbio, kifua kinapanda na kushuka, na baada ya muda unajikuta umesimama pembeni ya njia kupumzika, utake usitake. Pumzi imekulazimisha. Ukiteremka njia ileile jioni, hakuna kinachokulazimisha. Mteremko wa wastani hugharimu nguvu kidogo kuliko hata kutembea tambarare, kwa hiyo watu wanashuka wanapiga soga, wanacheka, mizigo kichwani, na hakuna anayeona sababu ya kusimama. Mapafu yamepumzika. Magoti ndiyo yaliyo kazini.

Kiasi cha kazi hiyo kinajulikana, na si kwa kukisia. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo walivyochukua kwa wagonjwa wachache waliowekewa magoti bandia yenye vihisio ndani yake, vikituma takwimu nje bila waya wakati mtu anatembea. Kwenye tambarare, goti lilibeba takribani mara 2.6 ya uzito wa mwili katika kila hatua. Kwenye kupanda ngazi, mara 3.2. Kwenye kushuka ngazi, mara 3.5. Mama wa kilo 70 anaposhuka ngazi, basi, goti moja linapokea mgandamizo wa karibu kilo 245, kisha linapokea la pili, kisha la kwanza tena, mpaka chini. Na hizo ni ngazi za saruji, zilizopimwa na kunyooshwa. Njia zetu za Rungwe hazijanyooshwa na mtu.

Wengi huniuliza: uzito wangu ni kilo 70, hizo nyingine zinatoka wapi? Zinatoka kwenye misuli. Goti halikandamizwi na uzito wa mwili peke yake. Linakandamizwa pia na misuli inayolivuta ili lisikunjike ghafla ukaanguka. Angalia kwa upande mtu anayeshuka. Mguu aliotanguliza chini bado haujabeba kitu. Mguu uliobaki juu ndio unaokunjika goti polepole huku uzito wote ukiwa juu yake, ukimshusha mwenyewe taratibu hadi wayo wa mbele uguse ardhi. Misuli ya mbele ya paja inavuta kwa nguvu zote na wakati huohuo inarefuka. Inafanya kazi ya kuzuia, na msuli unaozuia huku ukirefushwa hutoa nguvu kubwa kuliko unaojikunja, kwa gharama ndogo ya oksijeni. Ndiyo maana pumzi haijui. Ndiyo maana pia ukishuka kutoka kilele cha Mlima Rungwe leo, mapaja hayakuumi leo. Yanakuuma kesho na keshokutwa, kwa sababu nyuzinyuzi za msuli uliozuia zimepata vijeraha vidogo vidogo vinavyochukua siku kadhaa kupona.

Mtu anayetaka kuelewa goti asianze na kitabu. Aanzie buchani. Mwambie muuza nyama akuuzie mguu wa nyuma wa mbuzi na asiupige shoka kwenye goti. Wengi hudhani goti la nyuma la mbuzi ni pale panapokunjikia kwa nyuma, katikati ya mguu. Pale ni kisigino chake. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linakunjika kama la kwetu. Likunje na kulikunjua kwanza kabla ya kukata. Utasikia mkononi jinsi linavyoteleza bila kukwaruza popote. Halafu chukua kisu kikali, kata ngozi nyembamba ya ndani inayolizunguka, ufungue.

Kitu cha kwanza ni ute. Ni kidogo, haujazi kijiko cha chai, una rangi ya manjano iliyofifia, na ukiugusa kwa kidole gumba na cha shahada kisha ukavitenganisha, unavutika uzi. Cha pili ni gegedu, tabaka jeupe linalong'aa lililofunika ncha za mifupa. Likandamize kwa ukucha: linabonyea kidogo, kisha linarudi. Kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, vinavyoufanya uso bapa wa muundi uupokee vizuri uso wa mviringo wa paja. Sukuma kando mafuta yaliyo mbele, utaona katikati kabisa ligamenti mbili nene zinazopishana, zikifunga mfupa kwa mfupa. Jaribu kuuvuta mfupa wa muundi uje mbele: ligamenti moja inakaza na kukataa. Usukume urudi nyuma: nyingine inakataa. Ligamenti hizohizo, mahali palepale, ndizo zinazowatoa wachezaji mpira uwanjani kwa msimu mzima.

Pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mviringo, utaikuta mbele, imemezwa na kano nene ya misuli ya paja. Kazi yake ni kuisukuma kano ile iwe mbali na katikati ya goti ili msuli upate wenzo mrefu zaidi wa kuvuta. Lakini kila goti linapozidi kukunjika likiwa na mzigo, mfupa huo wa pia hukandamizwa kwa nguvu zaidi kwenye mfereji wa mfupa wa paja. Wagonjwa wangu wa miteremko wanapoweka kidole kuonyesha panapouma, mara nyingi wanakiweka hapohapo, mbele, nyuma ya pia.

Ile gegedu uliyoibonyeza kwa ukucha haina mshipa wa damu hata mmoja. Haina mishipa ya fahamu pia, na kwa hiyo inaweza kulika kwa miaka bila kukuambia. Maumivu huja baadaye, kutoka kwenye mfupa ulio chini yake na ngozi ya ndani inayozunguka kiungo. Chakula chake inakipata kwenye ule ute. Unapokanyaga, gegedu inabanwa na kutoa majimaji. Unapoinua mguu, inayafyonza tena, pamoja na virutubisho. Goti lisilotembea halili. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa wazee, maana wengi wakishaanza kuumwa hukaa kwenye kiti barazani mwaka mzima wakidhani wanalitunza goti, kumbe wanalinyima chakula na kuiacha misuli ya paja inyauke.

Na hapa lazima niseme kuhusu bamia. Imeenea mno imani kwamba "ute wa magoti umekauka" na kwamba dawa ni kula bamia au kunywa maji yake, kwa kuwa bamia ina ute. Bamia ni mboga nzuri, ile. Lakini utelezi wake unaishia kwenye utumbo. Hakuna njia inayoutoa huko ukafika kwenye goti. Ute wa goti hutengenezwa na ngozi ya ndani ya kiungo chenyewe, kutokana na damu. Tena goti lililolika mara nyingi halijakauka kabisa: limejaa majimaji kupita kawaida, ndiyo maana limevimba, ila majimaji hayo yamekuwa mepesi, hayatelezeshi vizuri. Nimeona watu wanaochelewa kupata msaada kwa sababu wanaipa bamia muda ifanye kazi. Inaniuma, kwa sababu kinacholisaidia goti la namna hiyo zaidi ya chochote, kupunguza uzito uliozidi na kuimarisha misuli ya paja, hakihitaji hata duka la dawa.

Kuna uzuri mwingine wa goti ambao haunichoshi kuueleza. Watu huliita kiungo cha bawaba, kinachofunga na kufungua tu. Si kweli kabisa. Simama wima, nyoosha goti hadi mwisho. Katika nyuzi za mwisho za kunyooka, mfupa wa paja unazunguka kidogo kuelekea ndani juu ya mfupa wa muundi na goti linajifunga. Likishajifunga, unaweza kusimama muda mrefu ukisubiri daladala huku misuli ya paja imelegea. Ishike pia ya goti ukiwa umesimama hivyo, itacheza kushoto na kulia mkononi mwako. Ili ukunje tena, msuli mdogo nyuma ya goti unauzungusha mfupa urudi na kufungua. Mteremkoni hatupati nafuu hiyo. Goti la anayeshuka halinyooki mpaka mwisho, halijifungi, na kila hatua ni misuli.

Kifundo cha mguu nacho kina siri yake ya mteremko. Juu yake, mfupa wa muundi na ule mwembamba wa pembeni vimeshuka kila upande na kuunda nafasi ambamo umekaa mfupa uitwao talasi. Talasi ni mfupa wa ajabu: hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nao, unaendeshwa na mifupa jirani tu. Sehemu yake ya juu ni pana mbele na nyembamba nyuma. Unapopanda, vidole vimeinuka kuelekea goti, ile sehemu pana inaingia kwenye nafasi na kubana. Kifundo kinakuwa imara. Unaposhuka, vidole vinaelekea chini, na sasa kilichoko kwenye nafasi ni sehemu nyembamba. Kuna uwazi, kifundo kinacheza. Ongeza udongo mwekundu wa masika, jiwe lililolegea na gambuti lililozidi saizi, umepata mguu uliotenguka. Ligamenti inayoumia kwanza karibu kila mara ni ya mbele upande wa nje, inayounganisha mfupa mwembamba na talasi, kwa sababu wayo umepindukia ndani.

Mguu uliotenguka tunaukimbiza kwa mchuaji. Siwadharau wachuaji, wapo wenye mikono mizuri. Ila kuna mtihani mmoja mwepesi ambao kila mtu aufanye kabla ya mguu kuguswa: je, anaweza kukanyaga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na je, ukibonyeza nyuma ya ile mifupa miwili inayojitokeza pembeni mwa kifundo, anaruka kwa maumivu? Kama hawezi kukanyaga, au mfupa wenyewe ndio unaouma, apigwe picha ya eksirei kwanza. Mfupa uliovunjika ukichuliwa unaweza kuhama, na kazi ya wiki chache ikawa ya miezi.

Nisieleweke kwamba milima ni adui. Mwaka 1892 daktari wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza jambo ambalo tangu hapo limethibitishwa mara nyingi: mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ndani ya mfupa kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, usiku na mchana, na kwa mtu mzima kama asilimia 10 ya mifupa yote hujengwa upya kila mwaka. Mfupa unaotikiswa na hatua za mlima hupewa sababu ya kuwa mzito. Mfupa unaokaa unapungua. Mama aliyepanda na kushuka maisha yake yote, akala usipa wa Ziwa Nyasa pamoja na miiba yake, amejiwekea akiba ya chokaa ya mifupa ambayo mwanawe anayekaa ofisini Dar es Salaam hana. Ninachotaka apate ni akiba hiyohiyo bila kulika kwa magoti.

Kila kiungo mwilini kimelazimika kuchagua kati ya uimara na uhuru, na hakuna kilichopata vyote viwili kwa ukamilifu. Vilivyochagua uimara wote viko kichwani. Pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa, yaani chifu, Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining. Nimewapeleka wanafunzi pale zaidi kwa ajili ya historia, na kwa heshima inayostahili. Lakini fuvu lolote la mtu lina somo lake: ni mifupa 22, na mistari inayojipinda juu yake ni viungo, ambapo kingo za mfupa mmoja zimeingia kwenye kingo za mwingine na kushonwa. Mfupa mmoja tu kati ya hiyo unaosogea kwa kweli, taya la chini. Mtoto mchanga bado hajashonwa. Ndiyo maana utosi wake unadunda chini ya kiganja cha mama, na ule wa mbele hufunga kwa kawaida mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Kabla ya hapo mifupa ile ilipaswa kupishana kidogo ili kichwa kipite njia ya uzazi, na baadaye ilipaswa kuachia nafasi ubongo ukue.

Bega lilichagua uhuru. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye bapa la bega kama chungwa juu ya kisosi, na kinachokizuia kisidondoke ni misuli na kano zaidi ya mfupa. Ukiinua mkono mpaka sikioni, theluthi mbili ya mwendo huo inatoka kwenye kiungo chenyewe na theluthi moja inatoka kwenye bapa la bega linaloteleza juu ya mbavu. Kwa uhuru huo tunalima kwa jembe la mkono, tunapepeta, tunatupa jiwe. Kwa uhuru huohuo bega linachomoka kuliko kiungo kingine kikubwa chochote. Mkono mzima umeunganishwa na kifua kwa kiungo kimoja tu cha mfupa kwa mfupa, kule mtulinga unapokutana na kidari, na vijana wetu wa bodaboda wanaujua mtulinga kwa uchungu.

Kidole gumba kimepata karibu vyote. Chini yake, kwenye kifundo cha mkono, mifupa miwili imekutana kwa nyuso za tandiko, kila moja ina bonde upande huu na mgongo upande ule, na hivyo gumba linaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na kuzunguka hadi likutane uso kwa uso na ncha za vidole vingine. Nenda mashamba ya chai ya Rungwe au Mufindi ukaangalie mikono ya mchumaji aliyezoea: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono miwili kwa wakati mmoja, macho yameshatangulia kwenye tawi linalofuata. Kila bano hilo la ncha za vidole linazidishwa linapofika kwenye kiungo cha tandiko. Kipimo kinachotajwa sana ni takribani mara 12. Bano dogo, kwa hiyo, na kiungo kisicho kikubwa, kwa miaka. Wachumaji wanaonijia huonyesha sehemu moja, shina la gumba, na wengi huwa wamelifunga kitambaa cha kanga kabla hawajafika kwangu. Kitambaa kile ni tiba ya maana: kinapunguza mwendo wa kiungo kilichochoka. Huwa nawafundisha namna bora ya kukifunga, na kubadilisha kuchuma kwa gumba na kidole cha shahada kukawa pia kwa kidole cha kati.

Shingo nayo ina yake. Pingili za shingo ni saba, kwangu na kwa twiga wa Ruaha vilevile. Za twiga ni ndefu tu. Ya kwanza ni pete isiyo na mwili, imebeba fuvu, na hapo ndipo tunapoitikia ndiyo. Ya pili ina kijiti kinachopanda juu na kuingia ndani ya pete, na kuzunguka kwa pete kwenye kijiti hicho ndiko kunakotupa kama nusu ya kugeuza shingo kote. Mtazame mama mwenye ndoo kichwani, ngata imekaa sawasawa: akiitwa hageuzi shingo, anageuka mwili mzima. Viungo vile viwili amevifunga kwa misuli, na pingili zote amezipanga zibebane moja kwa moja.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa akina mama wa Kikikuyu na Kijaluo, ukaonyesha kwamba mizigo ya hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili waliibeba bila kutumia oksijeni zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti wa baadaye ulieleza kwamba namna yao ya kutembea inapoteza nguvu kidogo mwili unapopanda na kushuka katika kila hatua. Napenda sana utafiti ule, kwa sababu unauheshimu ujuzi wa mama zetu kwa namba. Lakini soma namba yenyewe: asilimia 20. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu ndoo. Zaidi ya hapo gharama inapanda, na oksijeni haisemi chochote kuhusu diski zilizo kati ya pingili, ambazo zimejaa maji na hubanwa mchana kutwa. Mtu yeyote hupungua sentimita moja hadi mbili toka asubuhi hadi jioni, kisha akilala zinafyonza maji na kurudi. Kumpa mtoto wa darasa la nne ndoo iliyojaa ni kosa. Kidumu cha lita tano kinamtosha.

Nimalizie kwenye nyonga, kwa sababu hapo ndipo kuna msaada mdogo ambao karibu kila mzee wa huku anao tayari mkononi na wengi wanautumia kinyume. Nyonga ni tufe lililozama ndani ya kikombe kirefu, imara kuliko bega. Unapotembea, kuna muda katika kila hatua ambapo umesimama kwa mguu mmoja. Uzito wa mwili wakati huo uko upande wa ndani, mbali na tufe, na unataka kukuangusha upande ule. Misuli iliyo nje ya nyonga inavuta kuzuia, lakini wenzo wake ni mfupi, kwa hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa, kama mara mbili ya uzito wenyewe. Jumla yake yote inaangukia kwenye tufe.

Sasa mzee ana fimbo, na nyonga au goti linalouma ni la kulia. Huishika fimbo mkono wa kulia, upande wa maumivu, kwa kuwa akili inamwambia asaidie panapouma. Aishike kushoto. Fimbo iliyo upande wa pili iko mbali na nyonga inayouma, wenzo wake ni mrefu, na akiikandamiza kidogo tu inaipunguzia misuli ile sehemu kubwa ya kazi. Itembee pamoja na mguu mbovu, vyote viguse ardhi kwa wakati mmoja. Huwa nawaambia, "Babu, fimbo ikae na mguu mzima, itembee na mguu mbovu," na wengi wao wakishavuka chumba mara moja hawahitaji kuambiwa tena.

Kwenye kupanda, mguu mzima utangulie, maana ndio utakaouinua mwili. Kwenye kushuka, mguu mbovu na fimbo vitangulie, ili mguu unaobaki juu, ule unaokunjika goti na kubeba uzito wote, uwe ule mzima. Hatua ziwe fupi. Penye mteremko mkali njia ikatwe kwa kupinda huku na huku, kama barabara ya Chimala kwenda Matamba ilivyokatwa kwa kona zake zinazozidi hamsini. Na nyumbani, asubuhi na jioni, mtu akalie kiti, anyooshe goti moja mpaka mwisho, alishikilie kwa pumzi tano, alishushe polepole kuliko alivyolipandisha, kwa sababu kule kushusha polepole ndiyo kazi halisi ya mteremkoni na ndiyo inayopaswa kufanyiwa mazoezi.

Fimbo yenyewe ipimwe mtu akiwa amesimama wima na viatu vyake vya kila siku, mikono imening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kikunjike nyuzi 20 hadi 30. Kwa sakafu na lami, chini ivishwe kipande cha mpira wa tairi. Kwa njia za udongo, ncha iachwe wazi, iliyochongwa, ichome ardhi.